Muulize Ticha: Cherehani iliyotoka Masaka

Toleo lililopita nilijibu kaswali kadogo tu ka yule dada wa Ngaramtoni aliyetaka kujua pale AICC, lile jengo la mikutano la Arusha, kulikuwaga na kesi gani miaka ile, nikaandika aya mbili kwamba ni za mauaji ya Rwanda nikafunga, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia mpaka simu ikawa ya moto. Nimechagua tatu, mbili fupi na moja ndefu, na hiyo ndefu, ya cherehani na vita ya Kagera, nimekaa nayo siku nne kabla sijaigusa. Majina nimeyafuta, wenyewe mnajijua.

*Ticha shkamoo. Mi naendesha gari la watalii, nakaa Sakina. Kila tukipita Dodoma Road wageni wananiuliza habari za mahakama, nawaambia hiyo ni ya Afrika, ya Rwanda iko kule Lakilaki, ya Afrika Mashariki iko mjini, najisikia vizuri kabisa. Sasa juzi mzee mmoja akanibana, akasema mna mahakama zote hizi, mwanajeshi wenu akiua raia kwenye vita anapelekwa ipi? Nikajifanya nakwepa shimo, nikamuonyesha Mlima Meru. Nisaidie nisije nikaumbuka tena.*
*Dereva, Sakina*

Marahaba dereva. Jibu ni hakuna hata moja, na wala usione aibu, kuna mawakili wanajikanyaga hapohapo.

Mahakama ya Afrika ilihamia hapa kutoka Addis Ababa mwaka 2007 na kazi yake ni kusikiliza kesi dhidi ya nchi, yaani serikali ndo inasimama kizimbani, sio koplo fulani. Ni kweli wakubwa wa Umoja wa Afrika walikaa Malabo mwaka 2014 wakakubaliana waiongezee meno ya jinai, ila zinahitajika nchi 15 kuridhia ndo ianze na hazijafika, halafu kwenye makaratasi hayohayo wakajiwekea kipengele kwamba rais aliye madarakani na maafisa wake wakubwa hawaguswi. Hicho ukimsomea yule mzee wako atacheka mpaka Karatu. Ile ya Afrika Mashariki ni ya mambo ya mkataba wa jumuiya, na Lakilaki wanamalizia viporo vya Rwanda na Yugoslavia tu, hawapokei mgonjwa mpya.

Kwa hiyo mwanajeshi wetu akikosea anarudi kwetu, mahakama ya kijeshi au mahakama za kawaida. The Hague, ile Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), inaingia tu pale ambapo mwenye nyumba hataki au hawezi kufagia kwake, na inaangalia makosa ya kuanzia tarehe 1 Julai 2002, Tanzania tuliridhia mwaka huohuo. Hata hawa wa kulinda amani wenye kofia za bluu, watu wanadhani wanashtakiwa na Umoja wa Mataifa. Thubutu! UN haina gereza la kuwafungia. Juni 2023 walitangaza kuwarudisha nyumbani askari 60 wa Tanzania waliokuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa tuhuma za unyanyasaji wa kingono, wahanga wanne, na wakikurudisha ndo basi, kesi inakuwa ya nyumbani kwako. Sasa hapo mgeni akikuuliza nyumbani inaendaje, mrudishe kwenye Mlima Meru.

*Ticha, mi ni mtu wa Old Moshi na sikufichi nimekereka. Ulivyoandika juzi inaonekana unataka tuanze kuwachunguza askari wa Kiafrika. Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wetu, hapa hapa kwetu na kichwa chake hakijulikani kiko wapi mpaka leo, nani alimshtaki Mjerumani? Anza na hao kwanza.*
*Mkereketwa, Old Moshi*

Mangi, hasira yako naielewa na sitakwambia uipunguze. Meli alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 na wenzake 18 pale Tsudunyi, na ni kweli fuvu lake linatafutwa mpaka leo huko Ujerumani, na ni kweli pia kwamba hakuna afisa aliyepanda kizimbani kwa ajili ya siku ile.

Ila kuna mmoja walijaribu, na alitokea hukuhuku mlimani, sijui kwa nini hatuwafundishi watoto. Carl Peters, yule wazee walimuitaga Mkono wa Damu. Mwaka 1891 akiwa kamishna kwenye kituo chake cha Kilimanjaro alimnyonga kijana wake wa kazi aliyeitwa Mabruk, na miezi michache baadaye akamnyonga Jagodia, msichana aliyekuwa akimuweka ndani, na vijiji vya jirani vikaonja moto. Habari ilikaa kimya kama miaka minne hivi. Halafu Machi 1896 mbunge wa kwao kabisa, August Bebel, akasimama bungeni Berlin akaimwaga yote mezani, na waliomzomea Peters walikuwa Wajerumani wenzake. Mwaka uliofuata Peters akafukuzwa kazi, pensheni ikaenda. Kufukuzwa tu lakini! Watu wawili wamekufa kwenye kamba na adhabu ni ya mtumishi aliyechelewa kazini. Na hata hiyo haikudumu, mwaka 1905 mfalme wao alimrudishia cheo chake cha jina, na mwaka 1937, Peters keshakufa siku nyingi, Hitler akaifuta hukumu yote. Ilibidi wafike watu wa aina ya Hitler ndo Mkono wa Damu aonekane msafi.

Kwa hiyo uliponiambia nianze na Wajerumani, nimeanza nao. Rais wao Steinmeier alikuja Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba radhi kwa ya Maji Maji, miaka zaidi ya mia baadaye. Ila nikurudishie swali lako kidogo, hao waliovaa sare za Mjerumani, walioshika kamba na kuchoma migomba, unafikiri wote walikuwa weupe? Maafisa ndo walikuwa Wajerumani. Askari walikuwa Wasudani, Wanyamwezi, Wamanyema na wengine wa pande zetu hizi. Ukisema anza na wale, wale wenyewe wana babu zetu ndani.

Haya, sasa hii ya tatu. Nimeiacha kama alivyoituma, nimepunguza tu mahali alipotaja majina ya ndugu.

*Ticha shikamoo, samahani barua itakuwa ndefu. Mi ni binti wa miaka 31 niko Kiborloni nauza mitumba na kushona kidogo. Babu yangu alikuwa mgambo akapelekwa vita ya Kagera mwaka 78, akarudi 79 na cherehani ya Singer, ile ya kuzungusha kwa mkono, bibi anasema aliibeba begani kutoka stendi mpaka nyumbani huko Uru na watu walimpigia vigelegele njia nzima. Hiyo cherehani ndo bibi alishonea sare za shule, ndo imemsomesha baba na shangazi zangu wanne, kwa hiyo kwetu ni kama mtu wa familia, hata sikukuu inafunikwa kitambaa kipya. Babu alikuwaga haongei vita. Ukimuuliza anasema tulimpiga nduli, basi, anaomba mbege yake. Mwaka jana akiwa kitandani mi ndo nilikuwa namnywesha uji, siku moja tu akaniambia, ile mashine nilimkuta nayo mama mmoja Masaka, alikuwa ameikumbatia hataki kuiachia. Nikamuuliza ukafanyaje babu. Akageukia ukutani. Uji ukapoa nikautoa. Hakuongelea tena mpaka amefariki mwezi wa nne.*

*Sasa baada ya kuanua matanga nikaipeleka kwa fundi maana ilikuwa inaruka nyuzi, fundi akaigeuza, chini kwenye ubao kuna jina limechongwa kwa kisu, jina la kike la Kiganda. Fundi anataka apige msasa na vanishi iwe kama mpya. Ndugu wanasema ninyamaze, babu ni shujaa wa taifa, mambo ya vita huachwa vitani. Maswali yangu Ticha ni haya. Alichofanya babu ni kosa kweli au ni mambo ya vita tu? Kuna sehemu ya kwenda? Na mbona aibu naona mimi wakati mi sikuwepo hata kuzaliwa?*
*Mjukuu, Kiborloni*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Nianze na kitu ambacho sitakifanya. Kile babu alichogeukia ukutani mimi sikijui na wewe hukijui. Inawezekana alimsukuma yule mama akaondoka. Inawezekana ni zaidi. Usilale unakijaza usiku, maana akili ikipewa nafasi tupu inaijaza na kibaya kuliko vyote, na usikubali pia ndugu wakijaze na kizuri. Tuna mambo mawili tu mkononi, mama ameikumbatia mashine hataki kuiachia, na mashine iko Kiborloni. Hayo mawili yanatosha kujibu swali lako la kwanza.

Ni kosa. Sio mambo ya vita. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ule wa nne unaohusu raia, kifungu cha 33 kinasema kwa maneno machache kabisa kwamba uporaji ni marufuku, hakina kona wala isipokuwa, na Tanganyika tuliingia kwenye mikataba hiyo Desemba 1962, mwaka mmoja baada ya uhuru. Kwa hiyo siku babu yako anavuka mpaka, sheria ilikuwa imevuka naye. Watu wanasemaga vita haina sheria. Ina sheria kuliko ndoa. Na mtu akisema niliamriwa, hiyo nayo ilishakataliwa tangu kesi za Nuremberg, amri ambayo hata mtoto anaiona ni ya uovu haikukingi, na mkubwa aliyejua vijana wake wanafanya nini akaangalia pembeni anabeba na yeye.

Sasa nisikie vizuri, kwa sababu najua kuna wazee wa Kagera wanasoma ukurasa huu na mkongojo uko karibu. Vita ile tulichokozwa. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, wakaua raia wetu karibu 1,500, wakabeba ng'ombe, wakabeba mpaka vyuma vya kiwanda cha sukari, wakalipua daraja la Kyaka. Nilikuwa kijana, nakumbuka redio ya jirani na ile hotuba ya uwezo, sababu na nia, mtaa mzima umesimama kama uko kanisani. Vijana waliondoka kwa malori hapa Moshi na kina mama wanalia na kushangilia kwa pamoja. Walipofika kule Waganda wengi waliwaita bakombozi, na hawakuwa wanawatania, maana walikuwa wamewatoa kwenye mdomo wa simba. Hayo yote ni kweli na sitoi hata nukta.

Na hili nalo ni kweli. Januari 1979 wakati jeshi letu linachukua Mutukula, mji mdogo tu pale mpakani, vijana waliokuwa wameona yaliyofanyika Kagera waliusawazisha wote, na raia wachache walioshindwa kukimbia, wengi wao wazee, wakauawa. Mwalimu Nyerere alipopata habari alishtuka, akatoa amri raia na mali zao wasiguswe. Mi huwa najiuliza kwa nini hatulitaji hili wakati ndo sehemu inayompa heshima kuliko zote, kiongozi yuko katikati ya vita ya haki, adui yake ni Idi Amin, dunia nzima ingemsamehe, na bado anawageukia wanajeshi wake mwenyewe anawaambia hapana. Ila amri sio kesi. Mwezi uliofuata, Februari, Masaka na Mbarara zilipoingia mikononi mwetu zilibomolewa vibaya, ilikuwa ni kisasi cha Kagera na wengi waliokuwepo hawakuficha. Babu yako na cherehani yake walikutana kwenye vumbi hilo.

Ngoja nikupeleke mbali kidogo halafu nitakurudisha.

Tarehe 16 Machi 1968, kijiji cha My Lai, Vietnam. Kombania moja ya jeshi la Marekani inaingia asubuhi ikitegemea kukuta wapiganaji, inakuta wanawake wanapika, wazee na watoto. Mpaka saa za mchana wameua watu 504 kwa hesabu ya Wavietnam, jeshi la Marekani lenyewe lilihesabu 347. Juu yao kuna helikopta ndogo, rubani wake kijana wa miaka 24 anaitwa Hugh Thompson. Anaona mtaro umejaa watu. Anaona wanajeshi wa kwao wanawafuata raia waliojificha kwenye handaki. Anateremsha helikopta katikati, kati ya askari na wale raia, anawaambia vijana wake wawili wa bunduki, Colburn na Andreotta, mimi natoka kwenda kuwatoa wale watu, na hawa Wamarekani wakianza kuwapiga, wapigeni. Wamarekani wenzake! Akaenda kwa mguu, akawatoa, akawaita helikopta nyingine kwenye redio zije ziwabebe. Wakati wanaondoka Andreotta akaona kitu kinatikisika mtaroni, akashuka akapita juu ya maiti akamtoa mtoto akiwa hai.

Unajua nchi yake ilimfanyia nini? Taarifa aliitoa siku hiyohiyo, ikakaliwa. Ilichukua zaidi ya mwaka, mwanajeshi mwingine aliyezisikia habari hizo akaandika barua kwa wabunge, na Novemba 1969 mwandishi Seymour Hersh akazitoa magazetini. Thompson alipokwenda kutoa ushahidi kuna mbunge alisema anayestahili kushtakiwa ni huyo aliyewaelekezea bunduki wenzake. Watu walimpigia simu za kumtishia kumuua, wakamwekea wanyama waliokufa mlangoni. Medali alipewa mwaka 1998, miaka thelathini imepita, na Andreotta ya kwake alipewa akiwa kaburini, alikufa vitani wiki tatu tu baada ya siku ile.

Na waliofanya? Walishtakiwa watu 26, akapatikana na hatia mmoja, luteni William Calley, mwaka 1971, mauaji ya watu 22, kifungo cha maisha. Siku chache baadaye rais Nixon akaagiza atolewe gerezani akae kwenye nyumba kambini wakati rufaa inaendelea, na simu na barua za wananchi zilizofurika Ikulu zilikuwa za kumtetea Calley. Alikaa kama miaka mitatu na nusu, akawa huru. Kapteni wake aliachiwa. Majenerali hakuna aliyepanda kizimbani, mkubwa wao alishushwa cheo tu.

Hiyo ndo sura ya kesi hizi karibu kila mahali, mwanangu, inachukua muda, inaanzishwa na mtu wa ndani, halafu ikifika mwisho anabaki mdogo peke yake. Uingereza nao, Basra, Septemba 2003, walimkamata kijana wa mapokezi ya hoteli anaitwa Baha Mousa, miaka 26, baba wa watoto wawili. Mapokezi ya hoteli, yaani kazi ambayo nusu ya vijana wa Arusha wanaifanya. Ndani ya siku mbili alikuwa maiti yenye majeraha 93. Wanajeshi saba walisimama mahakamani pamoja na kanali wao, akafungwa koplo mmoja, mwaka mmoja. Mmoja! Mwizi wa kuku hapa Kiborloni anaweza kula zaidi ya hapo. Australia walau mwaka 2020 walitoa ripoti yao wenyewe, jaji aliyekuwa pia jenerali amewahoji wanajeshi wa kwao, akasema kuna ushahidi wa watu 39 waliouawa kinyume cha sheria Afghanistan na kwamba kulikuwa na tabia ya kuweka silaha juu ya maiti ili picha ionyeshe alikuwa mpiganaji. Waliosema hayo ni askari wenzao. Siku zote ni wenzao, maana raia aliyeona ama amekufa, ama hamna anayemsikiliza.

Sasa nirudi hapa kwetu, na hapa nina deni la zamani.

Kabla sijastaafu nilikuwa nawapeleka wanafunzi AICC kusikiliza kesi za Rwanda. Tunapanda vifodi viwili, tunakaguliwa mlangoni, tunakaa nyuma ya kioo kikubwa na kila mmoja anapewa hedifoni. Kuna Kiingereza, kuna Kifaransa, kuna Kinyarwanda. Kiswahili hamna, mahakama iko Arusha lakini mwana Arusha anasikiliza kwa lugha ya watu. Siku hiyo alikuwa kizimbani kanali wa jeshi la zamani, amevaa suti, anafuta miwani taratibu kama mwalimu mkuu. Kijana wangu mmoja wa kidato cha tatu akanivuta shati akaniuliza kwa sauti ya chini, Ticha, hawa ndo walioshindwa vita si ndiyo, sasa wa upande ulioshinda wao wanakaa chumba gani?

Nikamwambia avae hedifoni yake.

Nimelikumbuka swali lile miaka mingi. Mahakama ile ilishtaki watu 93, kazi kubwa, ni pale ndo kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, Septemba 1998, na mimi sitalinganisha mauaji ya Watutsi yaliyomaliza watu zaidi ya laki nane na kitu kingine chochote, hayo hayawekwi kwenye mizani na mtu. Ila sheria yake iliandikwa kwa makosa ya mwaka 1994 wote na kwa yeyote aliyeyafanya, na kati ya wale 93 hakuna hata mmoja wa jeshi lililoshinda. Mwendesha mashtaka Carla Del Ponte alisema anataka kufungua faili hizo, mwaka 2003 akaondolewa upande wa Rwanda. Kesi moja ilipelekwa Kigali, ya mapadri na maaskofu 13 na raia wawili waliouawa na askari wa jeshi hilo lililoshinda karibu na Kabgayi tarehe 5 Juni 1994. Mahakama ya kijeshi ya Rwanda iliisikiliza mwaka 2008, makapteni wawili wakakiri, wakapewa miaka minane, rufaa ikaishusha ikawa mitano, na wakubwa wao wawili wakaachiwa. Askofu mkuu ameuawa, na miaka mitano. Kijana wangu wa kidato cha tatu alikuwa ameshaliona hilo kupitia kioo, na mimi niliyekuwa na digrii nikamnyamazisha, kwa sababu hapo ndipo lingefuata swali la pili, na sisi je Ticha? Swali la pili ndo umeniletea wewe.

Sehemu ya kwenda. Kimahakama, hamna. Mtuhumiwa amefariki na kesi ya jinai inakufa na mwenyewe, The Hague inaanzia 2002, na nimeshamwambia dereva wa Sakina habari za hizi za Arusha. Kwa hiyo usipoteze nauli kutafuta karani wa kukufungulia faili. Lakini hamna mahakama haina maana hamna mtu. Huyo mama, kama mwaka 79 alikuwa na miaka ishirini na kitu leo ni bibi wa miaka sabini hivi, na kama yeye hayupo ana watoto, na huko kwao kila kijiji kina mwenyekiti wa LC1 kama sisi tulivyo na balozi, na parokia zina vitabu vya ubatizo. Waganda wa Masaka wanajuana kwa ukoo kama Wachaga wanavyojuana kwa kihamba. Sisemi uende. Nasema inawezekana, uamuzi ni wako na bibi yako, na bibi muulize kwanza, usishangae akikwambia jina lile alikuwa analijua tangu siku ya kwanza, mtu hawezi kuipaka mashine mafuta miaka arobaini asiigeuze.

Hao ndugu wanaosema babu ni shujaa usigombane nao. Ni kweli alikuwa kwenye jeshi lililomwondoa Amin. Ila waulize kitu kimoja, kwa upole, siku ya kikao na sio kwenye grupu la WhatsApp la ukoo maana hapo utaliwa mzima: mbona mashujaa wenzake walikuwa wanasimulia na yeye anaomba mbege? Shujaa wenu alikuwa na kitu kinamkaba kooni miaka 40 na hamna mtu aliyemuuliza. Mi naona babu yako aliponyweshwa ule uji alikuwa anatoa ushahidi. Alichelewa, akatoa sentensi moja, akashindwa ya pili. Ni kidogo. Lakini kuna makoloneli nimewaangalia kupitia kioo kwa wiki nzima na mawakili wawili kila mmoja, na hawakufika hata kwenye hiyo sentensi moja.

Aibu uliyonayo sio hatia, usichanganye, hatia ilikuwa yake na ameenda nayo. Wewe umerithi mashine. Ukirithi shamba ukakuta bikoni ya jirani imesogezwa, hukuisogeza wewe, lakini ukishaiona huwezi kulima kama hujaiona, ndo hicho kinachokuwasha.

Kwa hiyo kesho asubuhi fanya hivi. Chukua daftari, andika alichosema babu kwa maneno yake yaleyale, tarehe, alikuwa amelalia upande gani, uji ulikuwa wa nini. Usiongeze. Halafu mpigie fundi kabla hajafungua duka, mwambie aguse nyuzi na mafuta, huo ubao auache. Nenda na karatasi nyembamba na penseli, weka karatasi juu ya jina usugue taratibu mpaka herufi zitokee kama zilivyo na makosa yake yote, maana huenda alichonga mwenyewe na mtu anavyochonga jina lake ndivyo mtoto wake atakavyolitambua.